Namba ya Mlangoni Haijui Masika

Mtu akipiga simu saa nane usiku kutoka kitongoji cha ndani cha kata ya Shishiyu kusema mke wake ameshikwa na uchungu, hataji namba ya nyumba. Atasema hivi: "Ukiacha barabara kubwa, shika njia ya mnadani mpaka kwenye ghala la AMCOS. Ukikuta lambo usilivuke, pita juu yake. Panda na njia ya ng'ombe, kwenye luseni utakuta miji miwili yenye minyaa. Sisi ni ule wa mashariki." Kijana wa bodaboda aliyekulia hapa anaelewa kila neno, anapiga kiki, anaondoka. Dereva aliyehamia wilayani juzi anajibu kwa maneno mawili tu: "Tuma lokesheni." Na mwenye shida ameshika kiswaswadu.

Nyumba hiyo ya minyaa ina namba. Serikali ilipozindua Operesheni ya Anwani za Makazi Februari 2022, ili kazi iishe kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka huo, vijana walipita mpaka vitongoji vya mwisho. Barabara zikapewa majina, milango ikapewa namba, na kila kata ikawa na postikodi ya tarakimu tano: ya kwanza inataja kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Kabla yake, ukiulizwa benki unaishi wapi, ulijibu kwa sanduku la posta la shule ya msingi, kana kwamba unalala darasani.

Mimi ni afisa ugani, mzaliwa wa Shishiyu, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Kazi yangu ni pamba, mahindi, mtama na dengu, na siku nyingi niko juu ya pikipiki natafuta mashamba ya watu. Kwa kazi hii nimejua kwamba kuijua njia ni elimu kamili yenye wataalamu wake wasio na vyeti, na ndiyo elimu ambayo mipango yetu huipita bila kuisalimia. Hoja yangu ni hii: nchi imezipa nyumba namba, lakini haijawauliza wenye nyumba wanaijuaje njia. Mpaka hilo la pili lifanyike, la kwanza ni nusu ya kazi.

Nitoe mfano wa mama mmoja mtu mzima niliyemtembelea msimu ule viwavijeshi vamizi walipotusumbua. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda anapepeta dengu. "Ng'wadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma; mayu ni mama. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, na za mvua huko nilikotoka. Nilipomuuliza shamba lenye wadudu liko wapi, hakuinuka wala hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma ya bega lake, ungo ukiwa bado mapajani. "La luseni ni zima, mwanangu. Lililoliwa ni la kule itogolo. Pita kiya ya kilima, lakini nenda sasa hivi, maana wingu lile likishuka, korongo litakufungia huko mpaka kesho."

Kutoka uani pale shamba halionekani, kilima kimekaa katikati. Nilifungua dira ya simu nikapima mwelekeo wa mkono wake, na nilipofika shambani nikapima tena kuelekea kwake. Kidole cha mayu kilikuwa sawasawa. Na tazama alivyovipanga vitu katika maneno machache: aina ya udongo (luseni na itogolo), upande wa dunia, umbo la nchi, na saa ya kuondoka. Ramani ya simu yangu ilikuwa na kimoja tu kati ya hivyo.

Kiya ni mashariki, na sisi wa Maswa na Bariadi ndugu zetu hutuita Wanakiiya, watu wa mashariki. Kuongea kwa pande za dunia badala ya kushoto na kulia si jambo la Usukumani pekee. Stephen Levinson na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, walitumia miaka mingi kulifuatilia jambo hili katika lugha mbalimbali. Waliwakuta Waguugu Yimithirr wa Queensland, Australia, ambao hata kitu kilicho mezani hukitaja kwa kaskazini na kusini. Anayezungumza hivyo analazimika kujua kila dakika kaskazini iko wapi, awe ndani ya nyumba, awe safarini. Lugha inamfanyisha akili mazoezi bila yeye kujua. Sijaona sababu ya watafiti kwenda mpaka Queensland kutafuta watu wa namna hiyo na kuupita ua wa mayu.

Huo ndio utafiti ninaouzungumzia: namna binadamu anavyojua alipo na anavyofika aendako. Umeanzia mbali. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alidai kwamba hata panya hafuati njia kwa mazoea tu. Hujijengea ramani akilini. Wengi walimbeza. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, walikuta katika ubongo wa panya seli zinazoamka panya akiwa mahali fulani na kunyamaza akitoka. Kona hii ina seli zake, kona ile ina zake. Mwaka 2005 Edvard na May-Britt Moser wa Trondheim, Norwe, wakatangaza kundi lingine la seli, ambazo sehemu zinapoamkia, ukizichora sakafuni, zinapangika kama sega la nyuki. O'Keefe na akina Moser walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ramani ya akilini, ambayo Tolman aliisema akachekwa, sasa ina anwani ndani ya kichwa.

Lakini panya wa maabara hajawahi kuvushwa mto na ng'ombe. Ndiyo maana wanasayansi wa ubongo hawakuweza kulimaliza jambo hili peke yao, ikabidi wakae na wataalamu wa lugha, wa jiografia, wa anthropolojia, wa kompyuta na wa mipango miji. Miongoni mwa walioanza mapema alikuwa mtaalamu wa mipango miji, Kevin Lynch, wa chuo cha MIT. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilitokana na kuwauliza wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wanauonaje mji wao. Alikuta watu huujenga mji akilini kwa vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama.

Sasa rudia maelekezo ya yule mwenye mke mjamzito. Njia ya mnadani ni njia. Lambo ni ukingo. Luseni ni eneo. Ghala la AMCOS, barabara zinapokutana, ni makutano. Minyaa ni alama. Mkulima wa Shishiyu ambaye hajamsikia Lynch anatimiza vitano vyote kwa pumzi moja, na anaongeza cha sita ambacho Boston haikukihitaji: majira. "Ukikuta lambo usilivuke" ni sentensi ya masika. Mwezi wa nane angesema katiza katikati, maana lambo limekauka na ng'ombe wamelifanya kiwanja.

Hapa ndipo namba ya mlangoni inapochemka. Huku kwetu umbali si kilomita. Bonde la mbuga lenye udongo mweusi, kiangazi linapasuka nyufa za kuingia mguu na pikipiki inalikata kwa dakika chache. Likilowa, tope linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mwenye akili anazunguka juu mchangani mwendo wa saa nzima. Nyumba ni ile ile, namba ni ile ile, ila Machi iko mbali na Agosti iko karibu. Ramani inayochora njia moja kwa mwaka mzima inadanganya miezi kadhaa kila mwaka, na ni miezi ile ile malaria inapopanda.

Elimu hii ya udongo iliwahi kukutana na sayansi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alitoa dhana ya katena: kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni. Mpaka leo dhana hiyo ya Tanganyika imo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Mkulima wa Usukumani ana majina ya ngazi hizo kwa zamu: isanga na luseni za mchanga huko juu, itogolo kwenye mteremko wa chini, ibambasi penye ugumu usiopitisha maji, kisha mbuga. Wasomi wa kilimo wanaandika juu ya majina hayo kama aina za udongo. Wenyeji tunayatumia pia kama vituo vya safari. Usiku usio na mwezi, mguu ukizama mchangani unajua hujashuka bado. Ukianza kubeba tope umepotea, rudi juu.

Tuvuke sasa Meatu, wilaya yetu ya jirani, tuelekee bonde la Eyasi wanakoishi Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji. Mtafiti Brian Wood na wenzake waliwapa Wahadza vifaa vidogo vya GPS wavivae katika shughuli za kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Wanaume walionekana kwenda mbali zaidi kwa siku, kwa njia za kujipindapinda, mara nyingi wakiwa peke yao. Wanawake walitembea kwa makundi, kwa njia zilizonyooka zaidi, kuelekea mahali wanapopajua. Kambi moja, moto mmoja, ila ardhi wanayoikanyaga si ile ile.

Ndivyo ilivyo Shishiyu, ingawa sisi ni wakulima na wafugaji. Mwanamume mchungaji anajua malambo, njia za mnadani na mahali ng'ombe walioibwa hupitishwa. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa usiku, sungusungu wanajua sauti imetoka kitongoji gani kabla hawajavaa viatu. Mwanamke anajua kisima kipi kina maji Oktoba, kuni ziko wapi, na njia ipi mtu mwenye mimba ya miezi minane anaweza kuitembea mpaka zahanati bila kuvuka korongo. Sasa kumbuka mikutano ya kuzipa barabara majina. Kule nilikokuwepo, waliosimama kuongea walikuwa wazee wa kiume na vijana wao. Kina mama walikaa upande wao wakanyamaza kwa adabu. Barabara zikapata majina, nyingine za watu na nyingine za miti, na njia ya zahanati anayoijua mayu haikupata jina, maana haikuonekana kuwa barabara.

Kuna kosa la zamani hapa, na tusilirudie kwa kompyuta. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwisho ni 1976. Hapa Usukumani watu wengi walihamishwa mwaka 1974. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na shule kweli zilikuja. Lakini nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, kwa jicho la mtu aliyetaka kuzihesabu akiwa ndani ya gari. Mtu aliyejua kila kichuguu cha shamba lake alishushwa kwenye kiwanja ambacho asubuhi hakujua jua linatokea juu ya mti gani, na shamba likabaki mwendo wa saa nyingi. Wengi walirudi polepole kwenye mahame yao. Mahame hayo leo ni alama za njia: "ukipita hame la wale waliohamishwa" ni maelekezo halali katika kata yangu, na hutayakuta katika mfumo wowote.

Mstari ulionyooka una raha yake kwa mpangaji, ila mkazi huenda akaulipia. Mwaka 2022 watafiti Antoine Coutrot, Hugo Spiers na wenzao walichapisha uchambuzi wa mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, uliotengenezwa kupima uwezo wa watu kutafuta njia. Watu karibu 400,000 kutoka nchi 38 walihusika. Waliokulia nje ya miji waliwashinda waliokulia mijini, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika nchi ambazo miji yake ina mitaa iliyopangwa kwa miraba, kama Marekani. Utotoni, njia zenye kona huufundisha ubongo kazi. Mtoto wa Shishiyu anayechunga ndama yuko darasani bila mwalimu kujua, na akifika shule tunamfundisha ramani ya Ulaya kabla hajachora njia ya kwenda kwa bibi yake.

Sitaki mtu anisome kama mwenye kuringia kijiji. Elimu ya mwenyeji ina mipaka, na mipaka yake inaua. Inamfaa aliyezaliwa nayo. Muuguzi aliyetoka Mbeya hajui luseni wala itogolo, na hapaswi kulaumiwa. Mkwaju uliokuwa alama ya vitongoji vitatu ukikatwa mkaa, maelekezo ya nusu ya kata yanakufa siku hiyo hiyo. Wazee wanaondoka na majina ya makorongo. Na umbali wetu una utani wake: mtu akikwambia "hapo tu" kwa sauti fupi, twende, akisema "kuleee" akaivuta, jaza mafuta kwanza. Mgeni hawezi kuipima sauti. Kwa hiyo namba tunaihitaji, na picha ya setilaiti tunaihitaji.

Ila setilaiti nayo inaona mapaa, haioni mji. Mji wa Kisukuma ni nyumba ya wazazi, nyumba za vijana walioanza kuoa, jiko, maghala na zizi, vyote ndani ya uzio wa minyaa wenye lango moja. Juu angani hayo ni mapaa matano. Kwa mwenyeji ni mlango mmoja, na mlango huo uko upande mmoja tu. Nukta ya ramani ikikaa juu ya paa la nyuma, gari litafuata nukta mpaka liishie kwenye minyaa, mita chache kutoka kwa mgonjwa, na huko hakuna pa kupita. Nimeliona hilo kwa macho yangu, usiku, gari likigeuza kwa shida huku watu wakipunga tochi ndani ya uzio. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alikuwa na ramani sahihi, ila zilikuwa ramani mbili.

Simu nazo tuzitumie tukijua gharama yake. Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Kanada walichapisha mwaka 2020 utafiti juu ya madereva, ambao baadhi yao waliwapima tena baada ya miaka mitatu. Waliotumia zaidi GPS kipindi hicho ndio ambao kumbukumbu yao ya njia ilishuka zaidi. Walikuwa watu wachache, hivyo tusiufanye msahafu. Lakini uweke pembeni ya ule wa Eleanor Maguire wa mwaka 2000, uliokuta kwamba madereva wa teksi wa London, ambao lazima wakariri mitaa ipatayo 25,000 kuzunguka Charing Cross ndipo wapewe leseni, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshughulika na kumbukumbu na njia, kubwa kuliko watu wengine, na tofauti hiyo iliongezeka kwa miaka ya kazi. London inaupima ujuzi huo kwa mtihani na kuuheshimu kwa leseni. Kijana wetu wa bodaboda anabeba kichwani kata nzima kwa kiangazi na kwa masika, na tunachomuuliza barabarani ni kofia ngumu.

Je, elimu hizi mbili zinaweza kuunganishwa? Zinaweza, na zimeshaunganishwa hapa hapa nchini. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo wakaingia mitaani na wakazi kuchora mifereji na nyumba zinazofurika, kwa sababu mkazi ndiye anayejua maji yalifika kiunoni au gotini. Mara, jirani zetu wa kaskazini, watu wa kujitolea wa Crowd2Map kutoka nchi mbalimbali huchora mapaa na njia kutoka picha za setilaiti, kisha wenyeji wenye simu wanaweka majina ya vijiji na ya mahali. Ramani hizo zimetumiwa na shirika la Rhobi Samwelly, Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msichana anayejificha hana namba ya nyumba. Ana jina la mlima na jina la kijiji, na jina lisipokuwemo kwenye ramani, gari halijui liende wapi.

Kwa mama mjamzito tunao m-mama. Mfumo huo ulijaribiwa kwanza huku Kanda ya Ziwa kabla ya kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Unapiga 115 bila malipo, kituo kinapima hali ya mgonjwa na kutafuta gari la wagonjwa, na gari likikosekana kinamtafuta dereva wa jamii aliyeandikishwa, naye analipwa kwa simu. Kwangu mimi akili kubwa ya mfumo huo ni huyo dereva wa jamii. Aliyeubuni alielewa kwamba mwenye gari anayeijua njia anaweza kuwahi kuliko mwenye king'ora asiyeijua. Kilichobaki ni kuutendea ujuzi wake kama sehemu ya mfumo na si bahati ya usiku ule.

Napendekeza hatua nne, na hakuna hata moja inayohitaji mkopo.

Kwanza, kila kitongoji kiandikishe maelekezo yake pamoja na namba: alama zinazojulikana, jina ambalo watu wanauitia mji, na upande wa lango. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyajaza katika daftari, mtendaji akayaingiza kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani za makazi, au kwenye orodha ya kituo cha simu cha wilaya. Kazi hiyo ifanywe katika vikao viwili, cha wanaume na cha wanawake, kwa sababu wanatembea nchi mbili tofauti.

Pili, njia zipewe majira. Korongo lisilopitika Machi liandikwe hivyo, na njia ya kuzungukia iandikwe. Mabadiliko yaingizwe mvua zinapoanza kila mwaka, kama tunavyotangaza tarehe za kupanda pamba. Sisi maafisa ugani tunapita huko kila wiki. Tupeni fomu tutaijaza.

Tatu, dereva wa bodaboda anayezijua njia za kata atambuliwe. Afanyiwe mtihani wa njia mbele ya wazee na wahudumu wa afya wa vijiji, akifaulu aandikishwe kama mwongozaji, na alipwe anapotangulia mbele ya gari la wagonjwa usiku. Pikipiki moja ikitangulia kwenye mchanga, gari nyuma yake halihitaji lokesheni.

Nne, vyuo vyetu vikae meza moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaisimu na wanajiografia, Ardhi kina wapima na wapanga miji, Sokoine kina watu wa udongo, Bugando na Muhimbili wana madaktari. Watoke pamoja waje Maswa msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Wapime kidole cha mayu kwa vipimo vyao. Waulize kama mtoto anayechunga anabaki na uwezo ule akihamia Mwanza, na kama mzee anayeanza kusahau majina ya wajukuu anasahau pia njia ya lambo. Maswali hayo yanaulizwa London na Trondheim. Majibu mengine yako huku, na wenyewe hatujayaandika.

Nitajibiwa kwamba intaneti inakuja, simu janja zinashuka bei, na baada ya muda kila mtu atatuma lokesheni. Huenda. Lokesheni itamwambia dereva mgonjwa yuko wapi. Haitamwambia kama korongo limejaa, lango liko upande gani, wala ni nani wa kumpigia kelele afungue. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiishi mbali na lami, hauwezi kuendeshwa kwa kungoja simu za watu zikue.

Halmashauri ya Wilaya ya Maswa haihitaji kibali cha Dodoma kuanza na kata moja. Shishiyu tuko tayari kuwa ya kwanza. Na kipimo kiwe kimoja, kibandikwe ukutani ofisi ya mtendaji ambapo kila mwananchi atakisoma: dakika zilizopita kati ya simu kupigwa na gari kufika langoni, kiangazi kwa safu yake na masika kwa safu yake. Safu ya masika ikianza kushuka, tutajua kwamba namba zetu zimeanza kufanya kazi. Isiposhuka, madiwani watuambie vibao vile vilipigiliwa kwa ajili ya nani.